Usiguse Mpaka Nikuite

Jioni ile jimu ilikuwa imefurika kama soko la mitumba. Vyuma vililia, redio ilipiga kelele kona, na harufu ya jasho na mpira wa sakafuni ilimpokea mgeni mlangoni kabla hajakaribishwa na mtu. Fundi alisimama hapo, utepe wa kupimia shingoni, mkasi mfukoni mwa gauni lake la kazi la bluu iliyopauka, akitafuta wa kumsalimia. Alikuwa fundi wa viti na makochi, ameitwa kuja kupima mabenchi yaliyochanika ngozi. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wamezunguka benchi moja ambapo pande la mtu lilikuwa limelala chali, limeshika chuma chenye sahani nzito kila upande.

"Sukuma, baba! Sukuma!"

Chuma kilishuka, kikagota kwenye kipande cha sponji kilichowekwa juu ya kifua cha yule bwana, kikapanda. Kikashuka, kikagota, kikapanda. Watu wakashangilia kama timu yao imefunga bao.

"Samahanini," Fundi akasema, "kwani hicho kigodoro ni cha nini?"

Vichwa vikageuka. Aliyekuwa amesimama upande wa kichwani mwa benchi, mrefu, fulana ya kijivu imemganda mwilini, ndevu zimechongwa zikachongeka, akamtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Kinazuia chuma kisifike kifuani," akasema. "Hapa kwetu chuma kinaishia ngumi moja juu ya kifua. Ndiyo sheria."

"Kwa hiyo hakifiki kabisa?"

"Hakifiki."

"Basi huyu kaka anasukuma nusu. Nusu ya pili anamwachia nani?"

Kicheko kilipasuka hata yule aliyelala akacheka, ikabidi apokonywe chuma haraka kabla mikono haijamlegea.

"Dada, wewe ni nani hasa?"

"Fundi wa viti. Nimekuja kupima mabenchi yenu. Hicho kigodoro nacho nikishonee nguo? Maana kimekaa uchi, kinatia huruma."

"Mimi ni kocha wa hapa."

"Na mimi natengeneza makochi. Basi tumeshakuwa ndugu."

Kocha akatabasamu. Wanachama wakatazamana, kwa sababu wengine walikuwa wamelipa ada muda mrefu na meno yale hawajawahi kuyaona.

Alimfuata Fundi huku yeye akipima. Alimshikia ncha ya utepe bila kuombwa. Fundi alipoinama kuangalia mbao chini ya benchi, Kocha akasema:

"Huwezi kuvalisha benchi bila kujua mtu analalaje juu yake. Hebu lala."

"Kocha, hatujafahamiana kiasi hicho."

"Namaanisha kwenye benchi!"

"Nimeelewa, nakutania tu. Mbona jasho linakutoka upya?"

Akalala. Kocha akasimama kichwani, akamwekea mikononi chuma kitupu, bila sahani. Na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Kanyaga sakafu kama unataka kuitoboa. Vuta mabega nyuma, yabane kama umeshikilia penseli kati ya mifupa ya mgongo. Ndiyo. Viwiko usivitanue kama kuku aliyelowa. Sasa gumba. Gumba lizunguke chuma, lisikae juu pamoja na vidole vingine. Gumba, Fundi!"

"Nimezungusha, nimezungusha! Ukali wote wa nini?"

"Chuma kinateleza."

Aliposema hivyo hakuwa akimtazama yeye. Fundi aliliona hilo, akalipita. Mtu anayeanza kupenda hupita mambo mengi.

*

Mabenchi yalivaa ngozi mpya nyeusi, na Fundi akawa na sababu ya kurudi kila baada ya kazi. Kwanza alikuja kukagua mishono. Kisha alikuja na viatu vya mpira. Kisha hakusema tena amekujia nini. Mikono iliyozoea kuvuta ngozi na kukaza kamba za viti ilielewana na chuma upesi, na Kocha akasema mbele ya watu kwamba hajapata kuona mwanamke anayejifunza haraka vile, na mbele yake peke yake akasema mengine.

Simu zikaanza.

"Mabega yameamkaje?"

"Yameamka yanakuulizia."

"Waambie nakuja."

"Mabega ni 'yaambie', Kocha. Ukija kwa mjomba kunichumbia utasema hivyo hivyo?"

"Nikija kwa mjomba wako nitanyamaza, wewe utasema yote."

"Hapo umesema la maana, mpenzi."

Mjomba ndiye aliyemlea, na karakana ilikuwa yake. Mtu mpole, mwenye kikohozi na kofia isiyovuliwa, mwenye tabia moja ambayo ilimkera Fundi tangu alipojua kushika nyundo. Kila kiti ambacho Fundi alikimaliza, mjomba alikuja na msumari mmoja mdomoni, akakizunguka, akatafuta pa kuupigilia. Hata kiti kikiwa hakina pengo, msumari uliingia. "Naweka baraka," alisema. Wateja walimsifu mjomba. Fundi alikuwa mwanamke mzima, mwenye ufundi unaozungumzwa mitaa yote ya jirani, na hakuna kitu alichowahi kutengeneza duniani kisichokuwa na msumari wa mtu mwingine.

Ndiyo maana chuma kilimuingia rohoni. Ukikisukuma, umekisukuma. Hakuna wa kuja baadaye kuongeza kitu.

Isipokuwa ile sponji.

"Kwa nini tusishushe mpaka mwisho?" alimuuliza Kocha, siku moja baada ya nyingine.

"Mabega. Ukishuka sana, bega linavutika vibaya. Nimeona watu wakiharibikiwa."

"Lakini huwa nasoma, na video nazitazama. Wanasema msuli ukinyooshwa wote ndipo unapokua. Na kule chini ndiko kuzito. Sisi tunafanya sehemu nyepesi, tunapiga kifua."

"Fundi wangu, wanaosema hayo hawatakushika mkono ukiumia."

"Na mashindano je? Kwenye mashindano chuma lazima kiguse kifua, kitulie, mwamuzi aseme ndipo usukume. Kisipogusa hawahesabu."

"Nani kasema unakwenda kwenye mashindano?"

"Mimi."

Kocha akachukua taulo, akajifuta shingo iliyokuwa kavu. "Tutaona," akasema. Neno hilo Fundi alilijua. Mjomba naye alikuwa nalo.

*

Ng'ambo ya mji kulikuwa na jimu nyingine, ndani ya ghala lililowahi kuwa la karatasi. Ilisimamiwa na mwanamke mnene mwenye miwani, aliyestaafu kufundisha michezo shuleni. Wote walimwita Mwalimu. Alimpokea Fundi akimenya machungwa.

"Kwa nani umefundishwa?"

Fundi akamtaja Kocha.

"Ah. Yule wa sponji. Mgongo amekupa mzuri, miguu mizuri. Sehemu ya chini hana. Lala, binti yangu, tukakutafutie."

Mara ya kwanza chuma kilipogusa kifua chake, Fundi alihisi kama ameingia chumba cha nyumba yake mwenyewe ambacho hakujua kipo. Kule chini hapakuwa na kasi ya kukusaidia wala kitu cha kudundia. Chuma kilitulia, baridi yake ikapenya fulana, pumzi imefungiwa ndani, na kila kitu kilingoja yeye aseme ndiyo. Alisukuma. Hakikwenda. Akasukuma tena. Kilikwenda polepole, kinatetemeka, kinamdharau, na katikati kikataka kusimama kabisa. Kijana aliyesimama kichwani aliweka mikono hewani, hakugusa. "Bado ni chako, dada," akamwambia. "Usiposema chukua, sichukui." Kilipofika juu Fundi alitoa sauti iliyomtisha yeye mwenyewe.

Akaanza kusema uongo.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kwa mteja. Napima makochi."

"Mbona vyuma vinalia?"

"Ana watoto wakorofi."

"Watoto wa vyuma?"

"Wanagonga masufuria, Kocha! Nitakupigia."

Uongo huo ulidumu mpaka alasiri moja alipopita kwa Kocha moja kwa moja kutoka ng'ambo, amevaa blauzi nyeusi ya mikono mifupi, hereni za shaba, amependeza, hana habari. Kocha alikuwa akipanga sahani ukutani. Aligeuka na uso wa furaha, na furaha ikamfia usoni.

Kifuani mwa ile blauzi, kutoka upande hadi upande, ulikuwepo mstari mweupe wa chaki.

Jimu ya Kocha haikutumia chaki, ile ya kukaushia viganja ambayo hubaki kwenye chuma. Mwanamume mwingine angenusa manukato au angepekua simu. Yeye alitazama mstari ule kama mtu aliyekuta viatu vya mwanamume mwenzake mlangoni kwake.

"Umeshusha mpaka kifuani," akasema.

Fundi akajitazama. Akafuta kwa kiganja, ukasambaa zaidi.

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kocha..."

"Nani alisimama kichwani?"

"Kijana mmoja wa kule."

"Kijana gani? Unamjua? Anaitwa nani? Mikono yake umeiona inafanya nini chuma kikikwama?"

"Unasikia unavyouliza? Unauliza kama nimelala naye!"

"Afadhali ungelala naye!"

Waliokuwa wakinyanyua wakaacha. Redio peke yake ndiyo iliyoendelea. Fundi alimtazama mtu huyu aliyempenda, mishipa imemsimama shingoni, macho mekundu, na akashindwa kuelewa hata chembe ya alichokiona.

"Basi kaa na sponji yako," akamwambia. "Iko laini, haina maswali."

*

Kwa siku kadhaa simu ya Fundi iliita juu ya meza ya kukatia ngozi naye akaiangalia tu inavyotembea kwa mtetemo mpaka ukingoni. Mjomba aliiokoa isianguke, akairudisha katikati.

"Mpokee mwenzio, mwanangu. Au mwambie asipige. Hii simu itapasuka bure."

"Mjomba, usiingilie."

"Siingilii. Naokoa kioo."

Mwisho wake Kocha alikuja mwenyewe, mchana, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kama anakwenda kuhani msiba. Mjomba akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya nje. Kocha akakaa kwenye kiti kisichokuwa na ngozi bado, sponji tupu na kamba, akatazama magoti yake.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Tumbo moja."

Fundi akaacha kukata.

"Alikuwa na nguvu kunishinda. Alikuwa akijiandaa na mashindano hayo hayo. Tulikuwa wawili, mimi nimesimama kichwani. Akaniambia, kaka, leo usiguse mpaka nikuite, siku zote unanigusia, sijui lipi langu lipi lako. Nikasema sawa." "Kikashuka. Kikagusa. Kikaanza kupanda, kikakwama. Nikaweka mikono, nikangoja. Alikuwa ameshika bila gumba, ndivyo walivyokuwa wakishika mabingwa wake. Nikaona kinateleza. Nikasema ataniita. Nikangoja aniite."

Nje mjomba alikohoa.

"Kilimwangukia shingoni, Fundi. Mtu hawezi kuita hapo. Na mimi nilikuwa nimetii."

Fundi alipita juu ya mabaki ya ngozi, akapiga magoti, akakishika kile kichwa kikakaa kifuani pake, pale palipokuwa na chaki. Kisha wakasema vyote kwa pamoja, wakakatizana, wakacheka kwa pua zilizojaa.

"Ungeniambia tangu mwanzo, mpenzi."

"Ningeanzaje? 'Karibu jimu, nilimngojea mdogo wangu akafa'?"

"Usinichekeshe, nalia."

"Lia, mimi nimeshamaliza."

Ilipotulia, Fundi akamwambia alichotaka. Aliongea polepole, maana hakutaka kubakiza kitu. Ataingia mashindanoni. Atashusha mpaka kifuani. Na maishani mwake anataka kitu kimoja, kimoja tu, ambacho hakijaguswa na mkono wa mtu mwingine. Si lazima kiwe medali wala kikombe, hata akiwa wa mwisho ni sawa. Kiwe chake tu, mwanzo hadi mwisho.

"Na nataka wewe ndiye usimame kichwani."

"Siwezi."

"Kila klabu inaleta mtu wake. Pembeni watakuwepo wawili wengine, kila upande mmoja, hao ndio wa kuokoa. Nashika na gumba, umenifundisha wewe. Hakiwezi kuteleza. Wewe unipe chuma, kisha usiguse mpaka nikuite."

Kocha alifunga macho aliposikia maneno hayo. Aliyafungua.

"Nikiweza hilo," akasema, "nitakuja kwa mjomba wako na wazee wangu Jumapili inayofuata. Sitakuja na mzigo huu nyumbani kwenu. Nataka nije mwepesi."

"Wazee wako wakija, wewe unyamaze. Tulikubaliana."

Mjomba akaingia saa hiyo hiyo, kikohozi kimepona ghafla, akauliza kama kuna mtu aliyetaja wazee.

Mwalimu alipoelezwa nani atasimama kichwani, aliacha kutafuna chungwa.

"Mpe kiti mbele kabisa. Mpe soda. Apige makofi. Kichwani asisimame."

"Ameahidi, Mwalimu."

"Sijasema ni mwongo, binti yangu. Nimesema mpe soda."

*

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa shule. Viti vya plastiki vilijaa, feni zilizungusha joto lile lile, na jukwaani kulikuwa na benchi moja, waamuzi watatu na taa zao. Taa nyeupe, umekubaliwa. Nyekundu, umekataliwa, na mtu mwingine akigusa chuma ni nyekundu papo hapo. Mjomba alikaa safu ya pili na kofia yake, amekuja na majirani nusu mtaa, na aliwaeleza waliomzunguka kwamba yule pale aliyesimama nyuma ya benchi, mwenye shati jeupe, ni mkwe. Karibu mkwe. Jumapili.

Fundi alivaa vazi la kubana la rangi ya damu ya mzee, mkanda mpana kiunoni, nywele zimesukwa kwenda nyuma. Jaribio la kwanza lilikwenda kama mchezo. Taa nyeupe zote. La pili lilikuwa zito kidogo. Lilisimama kufumba na kufumbua, likapanda. Nyeupe zote. Mara zote mbili Kocha alimkabidhi chuma, akarudisha mikono kifuani pake, akakunja vidole.

"Umeona?" Fundi alimnong'oneza nyuma ya pazia, Kocha akimpaka chaki mgongoni. "Umeweza."

"Nimeweza."

"La tatu sijawahi kulisukuma. Litakwama, nakwambia kabisa usije ukashtuka. Litakwama, halafu litakwenda."

"Litakwama, halafu litakwenda," akarudia, kama mtoto anayetumwa dukani.

"Nakupenda, wewe mtu."

"Naogopa, Fundi."

"Najua. Ogopa na mikono ikiwa imekunjwa."

Akapanda jukwaani. Akalala. Akakanyaga sakafu, akabana mabega, akazungusha gumba, akaitikia kwa kichwa. Kocha akampa chuma. Uzito ulishuka mikononi mwake kama mlango wa chuma uliofungwa.

"Anza!"

Akashusha. Kikagusa kifua. Kikatulia. Ukumbi wote ukazima, na Fundi akawa peke yake katika chumba kile chake.

"Sukuma!"

Kikaondoka kifuani. Kikapanda kidogo, kikapunguza mwendo, kikapunguza tena. Mkono wa kushoto ulitetemeka. Watu walipiga kelele, yeye hakuwasikia. Alikuwa akisikiliza chuma tu, kama anavyosikiliza uzi unapokazwa ujue utakatika au utashika. Na uzi ulikuwa unashika. Kilikuwa kinakwenda. Unene wa karatasi, kisha unene wa karatasi nyingine, lakini kilikuwa kinakwenda, na alijua, kwa uhakika ambao hakuwahi kuwa nao juu ya jambo lolote, kwamba kitafika juu.

Kikawa chepesi.

Kilikuwa chepesi ghafla, kama kinapaa. Akafungua macho vizuri akaona mikono miwili, vifundo vimekuwa vyeupe, imekishika chuma katikati na inakivuta.

"Achia!" akapiga kelele. "Achia, Kocha! Achia!"

Kocha hakusikia. Alikivuta mpaka kwenye vishikio vya benchi, akakibamiza, akaendelea kukishika, anahema kama yeye ndiye aliyesukuma. Waliokuwa pembeni walimtazama, mikono yao hawajaiinua hata kidogo.

Taa tatu nyekundu.

*

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na ngazi ya saruji iliyoshuka mpaka uani. Walikaa hapo, yeye daraja la juu, Kocha daraja la chini, jua la alasiri likiwapiga usoni. Fundi alikuwa amevaa koti la michezo juu ya vazi lake. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Kocha.

"Kilikuwa kimekwama," akasema.

"Kilikuwa kinakwenda."

"Fundi, nilikuwa juu yake. Kilisimama kabisa. Mkono wako wa kushoto..."

Fundi akampa simu. Mwalimu alikuwa amerekodi, akamkabidhi bila neno, akaenda zake. Kocha akatazama. Akarudisha nyuma, akatazama tena, ameisogeza simu karibu na uso. Kelele ndogo za ukumbi zilitoka na kukatika, zikatoka na kukatika. Hatimaye akaiweka kwenye saruji, kioo chini.

"Kilikuwa kinakwenda," akasema.

"Ndiyo."

"Ungekimaliza."

"Ndiyo, mpenzi."

Akaweka uso viganjani. Fundi alimtazama utosi, mahali ambapo nywele zilikuwa zimeanza kupungua naye hakuwa amejua. Alitaka kumshika. Angemshika yakaisha, angesema basi, kuna mwaka kesho, kuna mashindano mengine. Maneno yote alikuwa nayo mdomoni. Alimwuliza jambo lingine.

"Sasa umeona kwa macho yako. Nikilala pale tena, uzito ule ule, kikwame vile vile, na unajua kwamba kitakwenda. Utashika?"

Kocha angeweza kudanganya, na Fundi angemwamini, maana alikuwa anatafuta cha kuamini. Aliinua uso.

"Nitashika."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukinipigia magoti. Nimejaribu, Fundi. Pale nilipoona kimepunguza mwendo, niliambia mikono ikae. Nilikuwa nikiiambia hivyo wakati tayari imeshashika."

"Na nje ya jimu? Nikitaka kufungua karakana yangu mwenyewe, uone nataka kuanguka?"

"Nitashika."

"Nikisema nina safari peke yangu? Nikigombana na mtu, nikiumwa, nikiwa nafikiri tu, nimenyamaza, uso umekunjamana?"

"Nitashika kila mahali," Kocha akasema. "Nitakuchosha. Najua. Siwezi kuona kitu kinapunguza mwendo juu ya mtu ninayempenda, nikakaa."

"Na mimi siwezi kuishi nikinyanyuliwa."

"Najua."

"Usiseme unajua. Kataa! Pigana kidogo, basi! Niambie nimekosea!"

"Hujakosea."

Mlango ukafunguka juu yao. Wanaume wawili wakatoka wamebeba lile benchi, mmoja anatembea kinyumenyume anapapasa ngazi kwa mguu. "Tupisheni, ndugu zangu, tupisheni, litawagonga!" Fundi akajibana ukutani upande mmoja, Kocha upande wa pili. Benchi likapita katikati, polepole, likakwaruza saruji, likashuka uani. Nafasi ikabaki wazi. Hakuna aliyerudi alipokuwa amekaa.

"Nani atakusimamia kichwani sasa?" Kocha akauliza.

"Mtu yeyote. Asiyenijua."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoweza kuilipa wala kuipinga. Akaokota simu, akaifuta vumbi kwa shati lake jeupe, akamnyooshea. Vidole vyao havikugusana. Alivichunga visigusane.

Simu ikaita ikiwa bado kati yao. Fundi akaipokea.

"Mko wapi, mwanangu?" Sauti ya mjomba ilijaa kelele za majirani. "Hawa watu wa taa ni wezi, kila mtu kaona! Lakini wewe usijali. Mwambie mkwe asinune, Jumapili tutamtania mpaka akome. Nimeshaazima viti vya wageni."

"Mjomba, virudishe viti."

"Wameahirisha?"

"Hapana. Hawaji."

Kikohozi, kisha sauti imeshuka, ya mtu aliyejitenga na wenzake. "Amekufanya nini? Niambie. Amekuvunjia heshima? Ana mwingine?"

Fundi alimtazama Kocha. Alikuwa ameanza kushuka, mkono mmoja ukutani, anachagua kila daraja kama kipofu. Hakugeuka. Alikuwa anasikia kila neno.

"Hajanifanya kitu, mjomba. Ananipenda."

"Sasa?"

Kocha akafika uani. Wale wanaume walikuwa wakihangaika kuliingiza benchi kwenye gari, limekwama mlangoni, na yeye, bila kuombwa, akaenda kulishika.

"Basi, mjomba," Fundi akasema. "Ndiyo hivyo. Ananipenda tu."